Kibanda Kisicho na Kufuli

Basi la kwenda kaskazini likitoka Rovaniemi, mji wa Lapland, kaskazini mwa Ufini, halichukui muda kuvuka mstari wa Aktiki. Kuanzia hapo ni saa tatu na zaidi za misitu, mito na nyika chepechepe, vijiji vikiachana mno hata abiria akishuka njiani unajiuliza anakwenda wapi. Mimi na Mzee tulishuka Kiilopää, mwisho wa barabara, katikati ya Septemba. Mbele yetu ilianza Hifadhi ya Taifa ya Urho Kekkonen, kilomita za mraba 2,550 za milima myororo na misitu mikongwe, iliyotangazwa mwaka 1983 na kupewa jina la rais aliyeiongoza Ufini kuanzia 1956 hadi 1982. Hakukuwa na geti wala mkata tiketi. Kulikuwa na ubao wenye ramani, na njia iliyoingia katikati ya miti.

Mzee ni Mfini, bwana misitu mstaafu mwenye miaka sabini na kitu. Miaka ya 1990 alifanya kazi Tanga, wakati serikali ya nchi yake ilipokuwa ikigharimia uhifadhi wa misitu ya Usambara Mashariki, kazi iliyozaa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani mwaka 1997. Mimi ni mtu wa Muheza, chini ya milima hiyohiyo, lakini tulikuja kufahamiana Joensuu, mashariki mwa Ufini, nilikokwenda kusomea misitu. Namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyeitikia hivyo miaka mingi kwenye baraza za vijiji. Ni yeye aliyeniambia siku moja, baada ya mhadhara, "Kijana, utapewa shahada ya misitu na hujawahi kulala msituni? Mwezi wa tisa tunakwenda Lapland." Mzee akisema hivyo, hakuna la kujibu zaidi ya kuuliza nibebe nini.

Mwezi wa tisa una sababu yake. Huo ndio wakati wa ruska, zile wiki mbili hivi ambazo msitu mzima wa kaskazini hubadilika rangi. Darasani nilishafundishwa jinsi inavyokuwa: mchana unapofupika na baridi kuanza, mti huivunja klorofili, hurudisha naitrojeni kwenye matawi, shina na mizizi kwa ajili ya mwaka ujao, na jani hubaki na rangi ya njano iliyokuwamo muda wote chini ya ukijani. Wekundu ni habari nyingine. Huo hutengenezwa upya, siku za mwisho, na jani lililo karibu kudondoka. Nilijua yote hayo na bado sikuwa tayari kwa nilichokiona. Mibetula ya mlimani, miti mifupi iliyopindwa na theluji, ilikuwa njano tupu. Chini yake mbetula kibete, kichaka kisichofika gotini, kilikuwa kimetanda chekundu kwenye miteremko yote mpaka macho yakomee, na katikati ya wekundu huo ilisimama misonobari, mipaina kama tunavyoita kwetu, na misprusi, ikiwa kijani kilekile cha mwaka mzima. Kwetu Usambara mti mmoja huchipua huku jirani yake akipukutisha. Huku nchi nzima hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na hulifanya kwa haraka, kwa sababu jua linakimbia. Katikati ya Septemba mchana wa huko hupungua kwa zaidi ya dakika saba kila siku.

Tulitembea kuelekea kusini-mashariki, mizigo mgongoni: hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi, unga wa shayiri, nyama iliyokaushwa, na tangawizi yangu ya kusagwa ambayo Mzee alisisitiza isiachwe. Njiani tulikutana na poro, kulungu wa kaskazini, wakila ile laikeni ya kijivu inayotambaa juu ya mawe na mchanga. Poro wa Ufini wana wenyewe. Kila mmoja ana alama iliyokatwa sikioni kwa kisu, kama wafanyavyo wafugaji wetu kwa ng'ombe na mbuzi, na mwenye jicho la kazi humtambua mali ya nani akiwa mbali. Walikuwa wakinenepa kabla ya theluji. Zamani, kabla ufugaji haujatawala, walikuwako poro wa mwituni, na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, waliwawinda kwa mashimo yaliyochimbwa mstari mmoja kwenye mapito yao. Mzee alinionyesha moja. Sasa ni bonde dogo lililojaa nyasi na matunda mekundu, ungelipita bila kulitazama mara mbili. Huita eneo hili nyika tupu isiyoguswa wale tu wasiojua kusoma ardhi.

Ndani ya hifadhi madaraja ni machache, kwa hiyo mito huvukwa kwa miguu. Mto wa kwanza ulikuwa wa kufika magotini, maji maangavu, mawe ya chini yanaonekana moja moja. Mzee alivua soksi, akazitia kifuani, akavaa viatu vyepesi vya kuvukia. "Fungua mkanda wa begi kiunoni," akaniambia. "Ukianguka, begi liende, wewe ubaki." Unatazama juu maji yanakotoka, unashika fimbo kwa mikono miwili, unasogea kwa ubavu, mguu mmoja kwa wakati, na huinui wa pili mpaka wa kwanza umeshika. Nilipofika ng'ambo nilikuwa nakanyaga ardhi bila kuisikia. Mzee alinisugua miguu kwa shali yake ya sufu, akanivisha soksi kavu yeye mwenyewe, nikashindwa la kusema, maana kwetu mtu wa umri wake ndiye wa kuvishwa.

Kisha akachota maji ya mto ule kwa kikombe cha mbao akayanywa. Akanipa na mimi. Mtu aliyekulia kwetu, ambako kila ndoo huchemshwa au hutiwa dawa, hanywi hivihivi. Niliyanywa taratibu, nikanywa tena. Huko juu hakuna mji wala kiwanda kinachoyamwagia kitu, na wapita njia hunywa vijito vinavyotiririka siku zote. Katika mambo yote ya safari ile, hili ndilo ninalowasimulia watu wa nyumbani kwanza, na ndilo wasiloliamini.

Jioni tulifika Suomunruoktu, kibanda cha magogo kando ya mto. Ni mojawapo ya vibanda ambavyo Wafini huviita autiotupa, vibanda vya porini vilivyo wazi kwa yeyote. Hakina kufuli. Hakina mlinzi. Hakilipiwi. Ndani mna jiko la chuma, meza, benchi, jukwaa pana la mbao ambapo watu hulala bega kwa bega, shoka, msumeno, ufagio, na daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nje kuna choo na banda la kuni. Kuni huletwa na Metsähallitus, shirika la serikali linalosimamia misitu na hifadhi. Huletwa kama magogo. Kuyapasua ni juu yako.

Kulikuwa kumenyesha mchana kutwa, na kila kitu nje kilikuwa na unyevu. Mzee alipasua gogo mpaka akafika kwenye kiini kikavu, akachagua kipande kisicho na fundo, chenye urefu wa kiganja na vidole. Akakisimamisha juu ya gogo, akaweka kisu chake karibu na ncha ya juu, akakitelezesha kuja chini bila kukifikisha mwisho. Ukainuka ukanda mwembamba wa mti, ukajikunja, ukabaki umeshikilia chini. Akageuza kipande kidogo, akapitisha kisu tena, ukanda wa pili ukajikunja kando ya wa kwanza. Hakukandamiza, aliuacha uzito wa mkono ufanye kazi. Alipomaliza kile kipande kilikuwa na nyuzi zilizojikunja pande zote, nyembamba za kupitisha mwanga. Akatengeneza vitatu vya namna hiyo, akaviegemeza pamoja jikoni, chini yake akaweka gome jeupe la mbetula aliloliokota njiani. Gome lile lina mafuta, huwaka hata likiwa na maji. Kiberiti kikawashwa mara moja tu. Nami nikajaribu kuchonga cha kwangu, nikachonga tena, mpaka akaridhika na kimoja, akakiweka pembeni ya jiko bila kukichoma. "Hicho ni cha mtu mwingine," akasema. Nilielewa baadaye.

Ndani tulikuwa wengi. Vijana watatu kutoka Oulu walikuwa wametangulia, tukafuata sisi, kisha wanaume wawili na mbwa wao. Jukwaa likajaa. Tulipika, tukanywa chai ya tangawizi ambayo vijana wale waliomba waongezewe, soksi zikaning'inia juu ya jiko, na giza likaingia. Ndipo tukasikia miguu barazani, mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na binti wa miaka kumi na mitatu hivi, wote wameloa mpaka kwenye nguo za ndani, binti anatetemeka midomo.

Hakuna aliyejadili kitu. Vijana wa Oulu walianza kukunja mifuko yao ya kulalia hata kabla mama yule hajatua mzigo. Wakavaa koti, wakawasha taa za kichwani, wakatoka kwenda kusimamisha hema mvuani. Nafasi ilikuwa bado finyu, na baada yao tuliofika mapema tulikuwa sisi. Mzee akanitazama, nikaanza kufungasha. Mama yule hakuomba, na hakushukuru sana. Alisema neno moja la asante kwa Kifini akaanza kumvua binti yake viatu. Ile haikuwa fadhila kwake. Kanuni ya vibanda hivi ni kwamba anayefika mwisho ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulala ndani, na aliyekaa muda mrefu kuliko wote ndiye wa kutoka.

Tulipokuwa tunapigilia vigingi kwenye matope nilimuuliza Mzee nani anayeisimamia kanuni ile, na itakuwaje mtu akikataa. Aliendelea kupigilia. "Januari hapa baridi inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi," akasema. "Anayefika mwisho ndiye aliyechoka kuliko wote na aliyepigwa baridi kuliko wote. Ukimfungia nje atakufa. Babu zetu walijua hivyo kabla hakujawa na serikali ya kuandika." Ndiyo sababu pia kile kipande nilichochonga kiliachwa karibu na jiko: mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kushika kisu, lakini kiberiti anaweza.

Nililala vizuri kwenye hema lile, mvua ikigonga juu, lakini nililala nikiwaza. Nilikulia mahali ambapo msitu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa serikali. Bibi yangu aliingia kuokota kuni kavu siku zilizoruhusiwa, na siku nyingine akimwona bwana misitu kwa mbali alitua mzigo hata kama hakuwa na kosa. Watoto tulijua msitu ni mahali pa kukamatwa. Simlaumu bwana misitu wa kwetu. Usambara Mashariki ina mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani, na mashamba ya watu yameuzingira msitu mpaka kwenye mizizi, wakati Lapland yote ya Ufini ina takriban watu wawili tu kwa kilomita ya mraba. Kanuni za Suomunruoktu ukizipeleka Muheza kama zilivyo, msitu hautamaliza mwaka. Lakini siamini kwamba tofauti yote ni idadi ya watu. Mfini hufundishwa tangu utotoni kwamba ana kazi msituni: kupasua kuni, kufagia, kuchota maji, kumpisha mwenzake. Sisi tulifundishwa makatazo peke yake, na mtu asiye na kazi mahali hajifunzi kupatunza. Mzee anasema jambo hili lilimsumbua hata akiwa Amani, na kwamba mikutano yote ya vijiji aliyokaa ilizunguka hapohapo.

Siku zilizofuata tuliingia ndani zaidi, tukipitia Tuiskukuru mpaka ziwa Luirojärvi. Matunda yalikuwa kila mahali: yale meusi ya mustikka yaliyoanza kulainika, na mekundu ya puolukka ambayo ukali wake hupungua kidogo yakipigwa na baridi. Yeyote anaruhusiwa kuyachuma na kuyala. Luirojärvi kuna sauna kando ya ziwa, nayo ni ya wote, unachota maji na kupasua kuni kabla na unaisafisha baada. Tulioga, tukalala usingizi mzito.

Kutoka ziwani tulipanda Sokosti, mlima mrefu kuliko yote ya hifadhi ile. Urefu wake ni mita 718. Kwa mtu wa Usambara namba hiyo haitishi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na huko tunalima kabichi na matunda. Sokosti msitu unakoma mbali chini ya kilele, kisha vichaka, kisha mawe matupu na upepo. Niliyashika mawe yale kwa glavu mbili na bado nikasikia baridi yake. Upande wa mashariki vilima viliendelea kufuatana kuelekea mpaka wa Urusi, na pande zote nne, kwa kadiri tulivyoweza kuona, hapakuwa na barabara, nguzo wala paa.

Ndege walikuwa wachache. Wengi walishaondoka. Mzee alinieleza habari za mmoja wao, ndege mdogo wa rangi ya kijani na manjano mwenye uzito wa gramu kumi hivi, ambaye majira ya joto ndiye anayejaza mibetula ya Lapland kwa sauti yake. Wale wa kaskazini kabisa, majani yakianza kubadilika, huruka mpaka mashariki na kusini mwa Afrika, na kurudi mwezi wa tano. Miaka ya Tanga, alisema, alikuwa akimwona Januari kwenye miti ya nyuma ya nyumba yake, kimya, akitafuta wadudu, na alikuwa akisimama kumwangalia mpaka chai inapoa. Mmoja wa wanaobaki kaskazini ni kuukkeli, ndege wa kahawia mwenye mkia wa kutu, ambaye huficha chakula kwenye nyufa za magome ili apite nacho majira ya baridi. Alikuja mpaka kwenye sufuria yetu, akachukua kipande cha mkate umbali wa mkono wangu, akaenda kukificha, akarudi.

Usiku mmoja mawingu yalifunguka na taa za kaskazini zikaonekana, pazia la kijani likitembea juu ya ziwa. Ni kitu kikubwa, na ndicho watalii wengi wanachokifuata huku. Mimi nililitazama kwa furaha, lakini moyo wangu ulikuwa umeshabaki kwenye lile jukwaa la mbao la Suomunruoktu.

Tuliporudi kupitia pale, kibanda kilikuwa kitupu. Sakafu imefagiwa, ndoo imejazwa maji, na kando ya jiko kulikuwa na kuni zilizopasuliwa na vipande vitatu vilivyochongwa nyuzi, viwili vizuri kuliko changu. Kwenye daftari mama yule alikuwa ameandika tarehe, majina ya kwanza mawili, walikotoka na wanakokwenda. Maandishi hayo ndiyo ambayo waokoaji huyasoma mtu akipotea, kwa hiyo nasi tukaandika yetu, Mzee kwa Kifini na mimi kwa Kiswahili. Kisha tukashika shoka.

Haya nayaandika hasa kwa ajili ya ndugu zangu mnaoishi Helsinki, Turku, Tampere, na majirani wa Stockholm na Oslo. Nimekutana na Watanzania, Wakenya na Wakongo waliokaa Ufini miaka kumi na hawajawahi kuweka hema, kwa kudhani misitu ile ni ya wenyewe. Ni yenu. Haki ya kila mtu, kama wanavyoiita, haiko katika sheria moja na haiulizi pasipoti: anayeishi nchini au anayepita ana ruhusa ya kutembea msituni, kulala usiku mmoja mmoja mbali na nyumba za watu, na kuchuma matunda na uyoga. Mipaka yake ni myepesi kukumbuka. Usikate mti, hata uliokufa ukiwa umesimama. Usiwashe moto kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake, na ndani ya hifadhi uwashe panaporuhusiwa tu. Usisumbue poro. Sweden na Norway zina haki zinazofanana na hizo.

Mara ya kwanza nendeni na mtu anayeijua njia. Bebeni ramani ya karatasi na dira, maana simu hupoteza mtandao, ingawa programu ya 112 ya Ufini iwekeni pia, kwa kuwa ukipiga simu ya dharura kupitia programu hiyo hutuma mahali ulipo, mtandao ukiwapo. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili chini ya sifuri. Soksi za sufu ziwe nyingi. Hema mlibebe hata kama mnategemea vibanda, maana mtu atakuja nyuma yenu. Wiki nzuri ya Lapland ni ya pili ya Septemba au ya tatu. Ikipita hiyo, majani yamekwisha. Hifadhi haina kiingilio. Gharama kubwa ni treni ya usiku kutoka Helsinki mpaka Rovaniemi, na tiketi yake huwa nafuu ikikatwa mapema. Ikateni mwezi wa sita.